Usipoziba Ufa: Somo la Kutunza Mapaa na Njia za Viwanja Vyetu



Methali hii kila mmoja wetu aliisoma darasani: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nimeifundisha ubaoni miaka mingi, na wanachuo wakainakili kwa mwandiko mzuri. Lakini nakiri mbele yenu kwamba mimi mwenyewe sikuielewa mpaka nilipolazimika kuujenga huo ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kuingia katika somo, yafaa niwasimulie habari ya maktaba.

Habari ya maktaba

Katika chuo kimoja cha ualimu nilikofundisha zamani tulikuwa na nyumba zaidi ya thelathini ndani ya uzio mmoja: madarasa, mabweni, bwalo, jiko, zahanati, kanisa dogo na nyumba za walimu. Mwaka 1996 nilikabidhiwa usimamizi wa mazingira. Kazi yenyewe, kama nilivyoidhania, ilikuwa kuwasimamia wanachuo wakifyeka majani na kupaka chokaa mawe ya kando ya njia.

Katika masika ya mwaka ule niliona doa la maji kwenye dari ya maktaba, ukubwa wake kama kisahani cha chai. Nikamwita fundi wa chuo, mzee wa makamo ya baba yangu. Alipanda, akakaa juu kitambo, kisha akashuka akasema, "Mwalimu, misumari minne imepanda, na mfereji wa nyuma umejaa majani ya mwembe. Nipe kilo moja ya misumari na mipira yake, na nusu siku." Nikamjibu, "Haya Mzee, nimesikia, nitaandika." Nikaandika katika daftari. Nilipokwenda kwa mhasibu nikaambiwa fedha za matengenezo zimekwisha, kwa sababu lango lilipakwa rangi kwa ajili ya kumpokea mgeni rasmi. Basi nikasema moyoni, itakuwa mwakani.

Mwakani doa likawa kama sinia. Tukaisogeza meza iliyokuwa chini yake, tukaona tumefanya jambo. Mwisho wa mwaka ule wa 1997 zikaja zile mvua za El Niño ambazo wazee wenzangu mnazikumbuka. Usiku mmoja sehemu ya paa ikaanguka pamoja na dari. Maji yalikuwa yamekwisha kuozesha vichwa vya kenchi mbili, na mchwa, ambao hupenda mbao zenye unyevu, walikuwa wamekula zilizobaki. Twashukuru kwamba ilikuwa usiku. Mchana wangekuwamo vijana. Lakini vitabu vililowa, na pamoja navyo yakaharibika madaftari ya shule ya mazoezi yaliyoandikwa kwa mkono na walimu waliotutangulia. Vitabu vingine vilinunuliwa tena. Madaftari yale hayanunuliki.

Asubuhi fundi alikuja akatazama. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ile kilo moja ya misumari uliiandika wapi?" Nikamwonyesha daftari. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojifunza ya kwamba kuandika tatizo si kupanga. Mpango una mambo matatu: tarehe, fedha, na jina la mtu atakayefanya. Likikosekana moja, ulichonacho ni kumbukumbu ya msiba unaokuja.

Adui ni maji

Mtu akiniuliza ni nini kiharibucho nyumba na njia katika viwanja vyetu, nitamjibu kwa neno moja: maji. Jua huchosha rangi, mchwa hula mbao, magari huponda barabara. Lakini mara nyingi maji ndiyo yaliyofungua mlango.

Tufanye hesabu ndogo, ile ya darasa la sita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita 1 ya maji. Tuseme bweni lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 300. Ikinyesha mvua ya milimita 40, ambayo kwetu si ajabu, paa hilo hupokea lita 12,000, yaani ndoo 600 za lita 20. Nusu huteremkia upande huu na nusu upande ule. Kwa hiyo, kama mifereji ya paa haipo au imeziba, kila mita moja ya chini ya ukuta humwagiwa ndoo kumi katika mvua hiyo moja. Maji hayo huchimba udongo, huacha msingi wazi, huloanisha ukuta, kisha hutiririka hadi njiani na kuikata.

Mwaona basi kwamba paa na njia ni somo moja. Maji yaliyoshindwa kuongozwa juu hushuka kuharibu chini. Fundi wa mabati na fundi wa barabara wakipanga kila mmoja peke yake, mmoja atamtupia mwenzake maji.

Paa huanza kufa wapi?

Paa la bati halifi kwa siku moja. Huanza mahali padogo, na mahali penyewe panajulikana.

Kwanza ni misumari. Mchana bati hupata joto likatanuka, usiku hupoa likasinyaa. Nazo mbao hukauka mwaka hadi mwaka. Msumari husukumwa juu kidogo kidogo, na mpira wake huchakaa kwa jua. Fundi mvivu huurudisha kwa nyundo katika tundu lile lile, na baada ya miezi michache umepanda tena. Dawa ni kuung'oa na kuweka skrubu nene au ndefu zaidi yenye mpira mpya. Tena, katika bati la migongo, msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yapitako.

Pili ni majani na takataka. Majani yaliyorundikana juu ya bati au ndani ya mfereji hushika unyevu hata siku za jua, na hapo ndipo kutu huanza. Bati letu la kawaida hulindwa na zinki iliyopakwa juu yake; zinki ikiisha, chuma huliwa upesi. Pwani, chumvi ya baharini huiharakisha kazi hiyo. Kutu ya juu juu ikionekana mapema, husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na bati laweza kuishi miaka mingine mingi. Ikishatoboa, rangi haina kazi.

Tatu ni mahali pa maungio: kofia za juu, pembe ambapo mapaa mawili hukutana, na pale bati linapogusana na ukuta. Nne, na hili ni la siku hizi, ni matundu ya wageni. Mafundi wa umeme wa jua, wa madishi na wa spika hupanda, hutoboa, hushuka, hulipwa, huenda zao. Kila anayetoboa paa letu lazima aongozwe na fundi wetu, na kazi ikaguliwe kwa kumwagiwa maji kabla ya malipo. Waya wa shaba wa kuzuia radi nao usilale juu ya bati lenye zinki, maana maji yatokayo kwenye shaba huila zinki.

Mtakaponunua mabati, ulizeni geji. Namba ikipanda, bati huwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 kuliko geji 28. Aliyetuuzia bei nafuu mara nyingi ametuuzia wembamba.

Njia na uwanja

Watu wengi hudhani kwamba barabara ni ule uso wake. Kumbe uso ni kofia tu. Nguvu imo katika tabaka za chini. Tabaka hizo zikiwa kavu hubeba mzigo. Zikiloa hulainika kama ugali uliotiwa maji mengi. Ndiyo maana ufa mdogo katika lami si jambo la sura. Ni mlango. Maji huingia, tabaka hulainika, gurudumu hukandamiza, lami huvunjika, na shimo hupatikana. Ufa uzibwe wakati wa kiangazi kwa lami ya moto baada ya kusafishwa na kukauka. Shimo lisijazwe udongo au mchanga, maana mvua ya kwanza itauchukua. Likatwe kingo zake ziwe za mraba, lichimbwe hadi penye udongo imara, likaushwe, lijazwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ishindiliwe.

Njia ya changarawe au moramu inahitaji mgongo: katikati pawe juu kuliko pembeni, kwa kadiri ya sentimita 5 kwa kila mita moja kuelekea ukingoni, ili maji yakimbilie mtaroni. Ukiona madimbwi katikati ya njia, mgongo umekufa, na kumwaga changarawe juu ya madimbwi ni kuwalisha samaki. Urudishwe mgongo kwanza. Nayo mitaro isafishwe, na mwisho wake uwe mahali maji yaendapo bila kuchimba korongo katika shamba la jirani.

Pale palipotandikwa vitofali vya saruji, linalovilinda ni mawe ya kingo. Yakilegea, vitofali husambaa kama kondoo. Lakini vina faida hii: palipozama huinuliwa, chini hutengenezwa, na vitofali vile vile hurudishwa.

Jambo jingine ni mzigo. Majaribio ya barabara yaliyofanywa huko Ottawa, katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara huongezeka kwa kasi kuliko uzito wenyewe. Wahandisi hukadiria kuwa mzigo wa ekseli ukiwa maradufu, madhara huwa kama mara 16. Kwa hiyo lori moja la mchanga likipita katika njia ya kwenda kanisani baada ya mvua laweza kudhuru kuliko magari madogo ya Jumapili nyingi. Tuwe na njia moja ya malori, nayo iwe imara, na lango lingine lifungwe kwao.

Wengine wamejifunza nini?

Tusidhani ya kuwa udhaifu huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti juu ya kuharibika kwa barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kwamba katika miaka kama ishirini barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matunzo, hasara ambayo ingaliweza kuzuiwa kwa matengenezo ya dola zisizofika bilioni 12. Gawanyeni wenyewe: kila dola moja iliyobanwa ilizaa hasara ya karibu dola nne.

Huko Zanzibar, jumba la Beit el Ajaib lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, na ni moja ya majengo yaliyoupatia Mji Mkongwe sifa duniani. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiwa imekwisha anza, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kubwa likichelewa kutibiwa, hata siku ya kutibiwa huwa siku ya hatari.

Kanisa la Uingereza, mama wa Kianglikana, lilijifunza kwa njia yake. Tangu sheria ya mwaka 1955 kila jengo la kanisa hukaguliwa na mtaalamu angalau mara moja katika kila miaka mitano, na taarifa hutolewa kwa maandishi. Mkaguzi haji kwa sababu paa linavuja. Huja kwa sababu miaka mitano imetimia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanga na kushtuka.

Nasi katika Tanzania, sheria ya mwaka 1998 iliweka Bodi ya Mfuko wa Barabara, na fedha zake, zitokazo hasa katika tozo ya mafuta ya magari, zimekusudiwa hasa matengenezo, ili zisimezwe na mahitaji mengine. Wazo hilo ni la zamani sana. Someni 2 Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza nyumba ya Bwana itengenezwe, lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake makuhani walikuwa hawajatengeneza palipobomoka, ingawa sadaka zilipokelewa. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilihesabiwa na watu wa pande mbili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, kisha zikapewa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi na kununua mbao na mawe. Hazikutumika kufanyizia vyombo vya fedha. Kwa lugha ya leo: mfuko wa pekee, mashahidi wawili, na fedha haitoki ila kwa kazi iliyokusudiwa.

Mpango wa hatua sita

Sasa tufanyeje katika kiwanja chenye nyumba nyingi? Nashauri hatua hizi, ambazo hazihitaji mtaalamu wa mbali kuanza.

1. Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi kubwa. Kila paa lipewe namba, na kila kipande cha njia kipewe namba. Andika mwaka wa kujengwa (kama wajulikana), aina ya bati au njia, na vipimo. Vijana wa sekondari waweza kuifanya kazi hii kwa siku mbili.

2. Kagua mara mbili kwa mwaka: mara tu mvua zinapokwisha, wakati dalili bado zaonekana, na mwezi mmoja kabla hazijaanza tena. Zaidi ya hayo, mtu mmoja atembee na mwavuli wakati mvua yenyewe inanyesha. Mvua ndiyo mkaguzi mkuu. Huonyesha bure kila mahali maji yaendapo. Pia muulizeni mfagiaji na mlinzi. Hao huujua ufa kabla ya mwenyekiti.

3. Toa alama, kama tulivyozoea shuleni, kuanzia 5 hadi 1. Alama 5: zima. Alama 4: lahitaji usafi na misumari. Alama 3: limeanza kutu au nyufa, lakini mbao au tabaka za chini ni nzima. Alama 2: mbao zimeguswa au mashimo yameanza. Alama 1: halifai, lahitaji kuezekwa au kujengwa upya.

4. Panga kazi kwa miaka mitano, kila kazi ikiwa na tarehe, makadirio ya fedha na jina la mhusika.

5. Tenga fedha. Tuseme kuezeka upya bweni moja kungegharimu shilingi 15,000,000, na paa latazamiwa kuishi miaka 25. Gawanya: ni shilingi 600,000 kwa mwaka, au 50,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ambayo paa hilo latudai kila mwezi, tulipe au tusilipe. Tusipolipa, deni halifutwi. Lajikusanya juu ya vichwa vya watoto.

6. Tunza daftari. Kila kazi iliyofanyika iandikwe: lini, na nani, kwa gharama gani. Miaka kumi ikipita, daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko mimi.

Nani atibiwe kwanza?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea vile vile. Ada yetu ni kukimbilia kilicho kibaya kuliko vyote. Fedha chache zilizopo zote humezwa na paa la alama 1, na wakati huo mapaa matatu ya alama 3 huteremka kimya kimya kuwa alama 2. Mwaka unaofuata tuna wagonjwa mahututi wengi zaidi, na fedha ni zile zile.

Fikirini. Paa la alama 1 limekwisha kufa. Gharama yake ni ya kuezeka upya, leo au mwakani, na tofauti si kubwa. Lakini paa la alama 3 leo laokolewa kwa misumari, brashi na rangi. Likingoja miaka miwili litadai mbao, dari na mabati. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwa yale ya alama 4 na 3, ambako kidogo huokoa kingi. Yale ya alama 1 yaombewe fedha ya pekee, kwa harambee au kwa dayosisi.

Kanuni hii ina sharti moja lisilovunjwa kamwe: uhai wa watu kwanza. Jengo la alama 1 likiwa na hatari, watu wahamishwe siku hiyo hiyo na mlango ufungwe, hata kama darasa litasomea chini ya mti. Kungojea fedha ni jambo la hesabu. Kuwaacha watoto ndani tunapongojea si hesabu tena.

Tahadhari kwa wapandao

Asipande mtu peke yake, wala wakati bati limelowa. Ngazi ishikiliwe na mtu wa pili. Akanyage juu ya mistari ya misumari, kwani chini yake kuna mbao. Mapaa ya zamani ya asbestosi yasikanyagwe, yasitobolewe, yasisuguliwe wala kuvunjwa na vijana wetu, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Hayo yaachiwe wenye ujuzi na vifaa.

Neno la mwisho

Mwezi ujao Halmashauri ya Mtaa itakaa kupanga makadirio ya mwaka. Nimesikia habari za ukumbi mpya, na sipingi. Wanetu wanahitaji mahali pa arusi na semina. Lakini nimezunguka kiwanja chetu na mwavuli wangu katika mvua zilizopita, na darini mwa darasa la watoto wadogo nimeliona doa. Ukubwa wake ni kama kisahani cha chai.

Kitu kipya hukatiwa utepe, na jina la mgeni huandikwa ukutani. Hakuna aliyewahi kuwekewa jiwe la kumbukumbu kwa kusafisha mfereji. Ndiyo maana kazi hii yataka watu wasiongoja kushangiliwa, na kamati itakayoulizwa kila robo mwaka: mmekagua nini, mmetengeneza nini? Naomba mambo mawili yaandikwe katika muhtasari wa kikao hicho. La kwanza, mfuko wa pekee wa matengenezo, wenye watia sahihi wawili, na ukumbi wowote mpya usianze kabla haijajulikana fedha ya kuutunza itatoka wapi. La pili, doa lile litibiwe kabla ya mvua zijazo, na liandikwe pamoja na tarehe, kiasi cha fedha, na jina la mtu. Kama jina likikosekana, andikeni langu. Bado naweza kushika ngazi.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kiwanja chetu, ni paa gani na njia gani mngezipa alama 3? Mwaonaje, zahitaji nini kabla ya mvua?

2. Pimeni urefu na upana wa kanisa letu kwa hatua. Mvua ya milimita 40 ingeleta ndoo ngapi za lita 20? Maji hayo huenda wapi sasa, nasi twaweza kuyakinga tuyatumie?

3. Kwa nini sanduku la Yehoyada lilifaulu pale makuhani walipokawia miaka mingi? Ni lipi kati ya mambo yale linakosekana kwetu?

4. Nyumbani kwako mwenyewe, ni ufa gani umeuandika moyoni bila tarehe?

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu.